Fujo Yenye Bei Yake

Tarehe 15 Oktoba 2022, mjini Knoxville, katika futiboli ya Kimarekani, si soka tunayoijua, timu ya Chuo Kikuu cha Tennessee iliifunga Alabama 52–49 kwa teke la mwisho kabisa la mchezo. Tennessee ilikuwa imechapwa na Alabama miaka 15 mfululizo, kwa hiyo mpira ulipopita katikati ya nguzo, jukwaa la wanafunzi lilihamia uwanjani. Waling'oa magoli, wakayabeba mabegani kupitia mitaani hadi ukingoni mwa Mto Tennessee, wakayatumbukiza majini. SEC, umoja wa vyuo vya kusini mashariki mwa Marekani ambao Tennessee ni mwanachama wake, ikakitwanga chuo faini ya dola 100,000. Chuo nacho kikaingia mtandaoni kuwaomba mashabiki wake, kwa utani mwingi, wachangie magoli mapya, maana Jumamosi iliyofuata kulikuwa na mechi nyingine na uwanja hauna goli. Watu wakachanga.

Mimi sijawahi kuona mwenye nyumba akivunjiwa mlango mbele ya kamera, kisha akawapongeza waliouvunja na kuwapa namba ya kutumia mchango. Lakini nikisema nilishangaa nitakuwa nadanganya. Naishi Columbus, Ohio, na kila mwisho wa Novemba ndugu zangu wa Dar hunipigia baada ya kuona kipande cha video: vijana wamepanda juu ya gari, moshi, polisi wamevaa kofia ngumu. "Huko kwenu kuna nini tena?" Huwa nawajibu kwamba ni mpira. Jibu kamili ni refu zaidi, nalo ni hili: fujo ya wanafunzi kwenye futiboli ya vyuo vya Marekani ni bidhaa. Chuo kinaipika, kinaiuza, na siku ikichemka ikamwagika kinasema hakiijui.

Kwanza tuelewane kuhusu ukubwa. Nyumbani ukisema "mechi ya chuo" mtu anawaza uwanja wa vumbi, wanafunzi mia mbili tatu kivulini, na kocha ambaye kesho yake anafundisha takwimu. Uwanja wa Benjamin Mkapa, ambao tunajivunia, unachukua watu 60,000. Marekani ina viwanja vinane vya vyuo vikuu, nasema vya vyuo, ambavyo kila kimoja kinapita 100,000. Cha Michigan, kilichofunguliwa mwaka 1927, kina viti 107,601. Cha Ohio State, chuo cha hapa Columbus, cha mwaka 1922, kina zaidi ya 102,000. Mwaka 2022 vyuo vya Big Ten, umoja mwingine kama SEC, ambamo vimo Ohio State na Michigan, vilisaini mikataba ya televisheni ya takriban dola bilioni 7 kwa miaka saba. Wanaocheza ni wanafunzi, na wanaopiga kelele ni wanafunzi, ila hela hizo si za wanafunzi.

Kelele zenyewe zina kazi. Mchezo huu husimama na kuanza upya kila baada ya sekunde chache, na kila ukianza, kiongozi wa mashambulizi lazima awapazie wenzake sauti. Asiposikika, mtu wake mmoja anatoka mapema, timu inarudishwa nyuma yadi tano. Kwa hiyo jukwaa la wanafunzi huwekwa chini, karibu na uwanja, nyuma ya goli au pembeni yake, mahali ambapo mgeni atalisikia mpaka kwenye meno. Texas A&M mashabiki hujiita mchezaji wa 12, na chuo kinalitumia jina hilo kama alama ya biashara. Kijana wa miaka 19 anaambiwa tangu wiki ya kwanza kwamba yeye ni sehemu ya timu, kazi yake ni kumvuruga mgeni, na kadiri anavyopandisha wazimu ndivyo kamera inavyomsogelea. Halafu kipenga cha mwisho kinalia na mtu mzima mwenye fulana ya usalama anamwambia, sasa rudi uwe mstaarabu.

Ohio State na Michigan walianza kukutana mwaka 1897. Hawa ni watani wa jadi kwa maana yetu yote ya neno, isipokuwa utani wao hauna siku ya kupumzika. Wiki ya mechi ikifika, herufi M inakuwa haramu hapa. Kwenye mabango ya chuo, kwenye vibao vya majengo, kila M inabandikwa msalaba wa utepe mwekundu, na hakuna mlinzi anayemfukuza mbandikaji. Msomali anayeniuzia nyama ya mbuzi kaskazini mwa mji, mtu aliyekulia Eastleigh na Kiswahili chake kinanishinda mimi kwa mafumbo, hajawahi kutazama mechi nzima hata moja. Wiki hiyo anavaa fulana nyekundu na kukataa kutamka jina la jimbo la kaskazini. Ananiambia ni mila ya wenyeji, na mgeni njoo mwenyeji apone.

Ukitaka kuiona fujo inavyoandaliwa, pita mitaa ya mashariki ya chuo asubuhi ya mechi, saa mbili, baridi ikiuma masikio. Mechi hii huanza saa sita mchana, kwa hiyo ulevi nao unaamka mapema. Kila nyumba ya kupanga ina kibaraza, na kila kibaraza kina sofa kuukuu ambalo lilitakiwa kutupwa miaka ile. Vijana wamesimama juu ya sofa, vikombe vyekundu vya plastiki mkononi, spika imeelekezwa barabarani. Mwaka mmoja nilimkuta kijana amejipaka herufi kubwa ya rangi kifuani, hana shati, anatapika nyuma ya pipa la taka. Alipomaliza alifuta mdomo, akaniomba radhi kwa heshima zote, akaniuliza kama nina tiketi ya ziada. Wenzake watatu walikuwa wanamsubiri ng'ambo ya barabara, kila mmoja na herufi yake, kwa sababu bila yeye neno lilikuwa halisomeki.

Kwa nini wanywe saa mbili asubuhi, tena kwa pupa namna ile? Sheria ya mwaka 1984 ilizisukuma serikali za majimbo yote kupandisha umri wa kununua pombe hadi miaka 21. Wengi wa wanafunzi wa shahada ya kwanza hawajafika hapo. Hawawezi kuketi baa na kunywa bia moja kwa saa nzima, basi wanakunywa ndani ya nyumba za wenzao, haraka, pombe kali, kabla ya kwenda mahali ambapo hawatapata tena. Zamani viwanja vingi vya vyuo havikuuza bia kabisa, na watu walitoka wakati wa mapumziko kwenda kujazia kwenye magari yao. Mwaka 2011 chuo cha West Virginia kilifanya jambo lililoonekana la kichaa: kikaanza kuuza bia ndani ya uwanja na kufuta ruhusa ya kutoka na kurudi. Kesi za polisi siku za mechi zikapungua. Ohio State ilifuata uwanja mzima mwaka 2016, na SEC ikaondoa katazo lake mwaka 2019. Bila shaka walivutiwa pia na mapato, wala sitajifanya sijui, lakini hii ni hatua moja adimu ambapo mtu alitazama jinsi watu wanavyokunywa kwa kweli akapanga kwa kufuata hilo.

Kukataza peke yake tumeshakuona kunavyokwenda. Hapa Columbus palikuwa na desturi ya wanafunzi kujirusha usiku katika bwawa la Mirror Lake, katikati ya chuo, wiki ya mechi ya Michigan. Maji ya Novemba, kina kifupi, sakafu ya zege, maelfu ya watu gizani. Mwaka 2013 chuo kiliweka uzio na mikanda ya mkononi ya ruhusa. Wanafunzi wakaja usiku mmoja kabla. Mwaka 2015 mwanafunzi alijirusha pale akafa, na desturi ikaishia hapo. Mwaka uliofuata bwawa likakaushwa na kujengwa upya.

Watu wa nje hudhani vurugu hutokana na uchungu wa kufungwa. Columbus inaungua zaidi ikishinda. Tarehe 23 Novemba 2002 Ohio State iliifunga Michigan 14–9, na usiku ule mitaa hiyohiyo ya vibaraza ikawa na magari yaliyopinduliwa na kuwashwa moto, makumi ya watu wakakamatwa. Chuo kiliunda kikosi kazi cha kuzuia ghasia za kushangilia, na ndilo jina lake hasa, ghasia za kushangilia. Januari 2015 timu ilichukua ubingwa wa taifa kwa kuifunga Oregon 42–20. Mechi ilichezwa Texas. Mashabiki wa hapa wakavunja na kuingia kwenye uwanja mtupu, usiku wa Januari, wakaangusha goli ambalo halikuhusika na mechi yoyote. Polisi walirusha mabomu ya machozi. Sofa kuukuu zikateketea mtaa baada ya mtaa, na mimi nakiri zile sofa sikuzisikitikia.

Mpaka hapa unaweza kucheka. Madison, Wisconsin, tarehe 30 Oktoba 1993, si pa kucheka, na ningependa tukae hapo kidogo kwa sababu ndiyo siku inayoeleza mambo vizuri kuliko zote.

Wisconsin ilikuwa haijaifunga Michigan tangu 1981. Siku hiyo ikashinda 13–10. Uongozi ulijua wanafunzi watataka kuvamia uwanja, kwa hiyo ulijiandaa: mageti ya chini ya jukwaa yakabaki yamefungwa na walinzi wakasimama mbele yake. Jukwaa la uwanja wa Camp Randall ni mteremko mkali. Waliokuwa juu waliona uwanja, waliona wachezaji wakikumbatiana, hawakuona geti. Wakateremka. Wa katikati wakawasukuma wa chini kwa sababu nao walikuwa wanasukumwa. Wa chini kabisa walikuwa na bomba la chuma kifuani na hawakuwa na pa kwenda. Katika msongamano wa namna hiyo mtu hafi kwa kukanyagwa, kama wengi wanavyodhani. Hukosa pumzi akiwa amesimama wima, kwa sababu kifua hakina nafasi ya kupanuka, na jirani yake hawezi hata kunyanyua mkono kumsaidia. Yule wa safu ya 50 anashangilia wakati huohuo, kwa nia safi kabisa.

Vyuma vilipokatika, watu wakaporomoka juu ya watu. Takriban watu 70 waliumia, wengine walitolewa wakiwa hawapumui wakarudishiwa pumzi palepale nyasini. Wachezaji wa Wisconsin, bado wamevaa kofia na mabega ya plastiki, waliacha kushangilia wakaanza kuvuta wanafunzi kutoka kwenye rundo. Kwamba hakufa mtu hata mmoja ni bahati na kazi ya mikono ile. Wapenzi wa soka watakumbuka Hillsborough, Aprili 1989, miaka minne tu kabla yake, ambako uzio uliowekwa kuzuia wahuni uliua mashabiki 97 wa Liverpool.

Siku ile Madison tatizo halikuwa matusi, na waliokuwa chini karibu na geti ndio walioumia zaidi. Hili ndilo linalonifanya nichoke na mahubiri ya nidhamu. Mjadala wa Marekani kuhusu mashabiki wanafunzi umejaa maneno kama heshima na maadili, wakati vitu vinavyovunja shingo za watoto wa watu ni uzio, mteremko, geti na bomba.

Bomba lenyewe nalo lina historia. Goli la futiboli ya Kimarekani lina mwamba wa kulala mita tatu juu ya ardhi na nguzo mbili zinazopanda juu zaidi, mara nyingi vyote vimebebwa na mguu mmoja wa chuma uliopinda. Ukiwaning'iniza watu 30 juu yake, mguu unajikunja taratibu, kisha unakatika ghafla. Mwaka 2001, kwenye chuo cha Ball State huko Indiana, goli lilimwangukia mwanafunzi mgongoni akapooza. Kesi yake dhidi ya watengenezaji ilifika mahakama ya rufaa ya shirikisho, na mwaka 2006 akashindwa, majaji wakisema hatari ya kuangusha goli iko wazi kwa kila mtu. Katika hukumu hiyo kuna jambo nililolisoma mara mbili kuhakikisha sijakosea: ubao wa matokeo wa chuo ulikuwa umewaonyesha mashabiki ujumbe kwamba goli lile linaonekana pweke. Ubao wa chuo chenyewe! Umeme wa chuo, mfanyakazi wa chuo. Mwaka 2005, katika tawi la Morris la Chuo Kikuu cha Minnesota, goli lililoangushwa na mashabiki wa nyumbani lilimuua mwanafunzi wa hapohapo.

Na wapo waliokufa bila fujo yoyote. Texas A&M ilikuwa na desturi ya wanafunzi kujenga mnara wa magogo wa kuchomwa moto kabla ya mechi na Chuo Kikuu cha Texas. Kazi iliendeshwa kijeshi, kwa zamu na vyeo. Usiku wa manane, tarehe 18 Novemba 1999, mnara ukaporomoka ukiwa bado unajengwa, ukaua watu 12 na kujeruhi 27. Vijana wenye adabu kuliko wote nchini, na hakukuwa na mhandisi hata mmoja aliyewasimamia.

Wakubwa, basi, wako wapi? Wengine wana barabara zenye majina yao. Barabara inayopita kando ya uwanja wa Ohio State inaitwa Woody Hayes, kocha aliyeshinda kila kitu hapa na aliyefukuzwa kazi baada ya kumpiga ngumi mchezaji wa timu pinzani ya Clemson mbele ya televisheni, Desemba 1978. Alabama ilikuwa na shabiki wake Harvey Updyke, mzee ambaye hakuwahi kusoma pale. Baada ya Auburn, chuo hasimu cha jimbo hilohilo, kuifunga Alabama 28–27 mwaka 2010, aliimwagia sumu ya kuua magugu mialoni mikongwe ya kona ya Toomer's, ambako watu wa Auburn hushangilia kwa kutundika karatasi za chooni, kisha akapiga simu redioni mwenyewe kujisifu. Alifungwa jela, na mialoni ikakatwa mwaka 2013. Miti, jamani!

Hata mwaka 2024, tarehe 30 Novemba, Michigan iliyokuwa ikibezwa ilipoifunga Ohio State 13–10 hapahapa, ngumi zilianzia kwa wachezaji, baada ya Michigan kujaribu kusimika bendera yao katikati ya uwanja. Polisi wakapuliza dawa ya pilipili. Wanafunzi walikuwa jukwaani wakitazama wakubwa zao wakikohoa. Big Ten ikatoza kila chuo dola 100,000, na siku chache baadaye mbunge mmoja wa Ohio akapeleka muswada wa kufanya usimikaji bendera uwanjani kuwa kosa la jinai. Mji una barabara zenye mashimo, lakini tulipata muswada wa bendera.

Faini zimeendelea kupanda. Tangu 2025 SEC inatoza dola 500,000 kila uwanja unapovamiwa, ikiwa na uwezo wa kusamehe kama wageni na waamuzi walikuwa wameshatoka salama. Kipengele hicho cha msamaha ndicho ninachokipenda, maana angalau kinauliza swali la maana: nani yuko njiani kundi linaposhuka? Hiyo pesa yenyewe, kwa chuo kinacholipa kocha mamilioni kwa mwaka, ni tangazo la bei nafuu. Picha ya uwanja uliofunikwa na vijana itaingia kwenye kipeperushi cha kuvutia wanafunzi wapya.

Mmoja wa hao wapya ni mpwa wangu. Amepata nafasi hapa, anakuja Agosti, na mama yake ananiuliza kama amkataze kwenda mpirani. Nimemwambia hapana, amwache aende, akapige kelele mpaka sauti ikauke. Kijana nimemwandikia mambo mengine: akae safu za juu na pembeni karibu na ngazi, mechi ikiisha abaki amekaa mpaka njia iwe nyeupe, asiguse goli wala kusimama chini yake, na asinywe kitu kwenye kibaraza cha mtu asiyemjua jina. Alijibu kwa adabu kwamba amenielewa, mjomba, na nisiwe na wasiwasi hata wa baridi, kwani ameshapata sweta nzito ya mtumba pale Karume, ya buluu, ina M kubwa ya njano kifuani, na ndiyo atakayoshuka nayo kwenye ndege.

Nilimpigia simu saa ileile.